Namba ya Nyumbani Kwenye Tovuti ya Shule

Ukurasa wa kwanza wa tovuti ya shule yetu niliuandika nikiwa edani. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za tovuti hufikiria ofisi yenye kiyoyozi na vijana wenye miwani. Mimi niliuandika nyumbani kwangu Sib, nje kidogo ya Maskati, nimekaa juu ya godoro la wageni, kompyuta iko juu ya meza ya chai, nimevaa gauni lisilo na pambo, sina hata tone la mafuta mazuri mwilini. Wifi yangu alikuwa amekaa mkabala nami na tasbihi yake, ananitazama kana kwamba nikiachwa peke yangu nitatoroka.

Mume wangu alikufa shule zilipokaribia kufungwa kwa joto. Alikuwa na basi lake mwenyewe, na kwa miaka mingi alikuwa akiwachukua watoto wa shule moja ya msingi ya binafsi, shule hiyo hiyo ambayo mimi nilikuwa karani wa ofisi yake. Siku ile alirudi mchana, akasema kifua kinambana, akalala, asiamke. Ndiyo habari yote. Waliokuja matangani wakitaka maelezo marefu niliwaona wanaondoka hawajaridhika, lakini sikuwa na cha kuwaongezea.

Hatukujaaliwa mtoto. Wazee wangu walishatangulia, amebaki shangazi mmoja wa Hamriya, upande wa pili wa Maskati, na kaka yangu mmoja tu niliye naye alikuwa ng'ambo, akipiga simu Ijumaa na kuuliza kama nakula. Kwa hiyo dada yake mume wangu, mkubwa wao, alifunga nyumba yake huko kwao Qurayyat akaja kunikalia eda. Si mtu mbaya wifi yangu. Alinipikia, alinifulia, aliwakaribisha wageni na kuwaaga. Alilia pia, tena kwa sauti, asubuhi na jioni, na akimaliza kulia ananigeukia mimi aone kama nami nimelia. Nilikuwa sijalia. Siku moja alinambia moyo wangu ni wa jiwe, nikamjibu labda, nikaendelea kuchambua mchele.

Sikuwa nikijizuia. Watu hudhani aliyenyamaza amebeba kitu kizito na anakificha. Mimi sikuwa nimebeba chochote. Niliamka, niliswali, nilikula nilichowekewa, nikilala nilipata usingizi wa kutosha, na nikiulizwa jambo nilijibu. Chakula kilikuwa hakina ladha, lakini nacho nilikula kwa sababu ilikuwa rahisi kula kuliko kubishana na wifi. Nikikaa nikitazama feni inavyozunguka, nilikuwa natazama feni tu.

Mambo ya Qurayyat yalikuwa yameshaamuliwa. Eda ikiisha, niuze vitu, nyumba ipangishwe, nihamie kwa mama mkwe, kuna chumba kimepakwa rangi. Mwanamke mmoja, hana mtoto, ana kaka ng'ambo, atakaaje Sib peke yake? Wifi alisema hivyo mbele ya wageni, na wageni wakatikisa vichwa kumkubalia. Nami nilikubali, au sikukataa, ambavyo kwa wifi yangu ni kitu kimoja. Qurayyat au Sib, kwangu vilikuwa vyumba viwili vyenye feni.

Aliyeleta kazi nyumbani ni mwalimu mkuu wetu. Alizaliwa Tabora, akaja Maskati akiwa msichana mkubwa, na hadi leo Kiswahili chake kina ule utulivu wa bara unaowafanya watu wa Unguja wamcheke pembeni. Alikuwa akija kunitazama karibu kila wiki. Katikati ya likizo alikuja na waraka. Shule za msingi za binafsi zilikuwa zimetakiwa kuweka habari zao kwenye tovuti, wazi, mzazi yeyote azisome bila kuomba ruhusa: ada, saa za kuingia na kutoka, kalenda ya mwaka, walimu na elimu zao, masomo, sare, utaratibu wa mtoto akiugua, usafiri, na mtu wa kupokea malalamiko. Tovuti tulikuwa tumeshatengenezewa na fundi mmoja wa Kihindi mwenye duka Hamriya, lakini ilikuwa na picha ya lango la shule na maua basi.

"Nani mwingine anayejua mambo haya yote kichwani?" mwalimu mkuu aliniuliza. "Wewe kaa hapa hapa, andika, nitumie. Hutoki, hakuna atakayekuona."

Wifi alitaka kujua kama mjane anaruhusiwa intaneti. Mwalimu mkuu alisema ameshauliza sheikh, akaambiwa kazi ya lazima inaruhusiwa, hata simu inaruhusiwa kwa haja. Wifi akauliza sheikh gani huyo, wa wapi, kasoma kwa nani. Kwake yeye sauti ya mjane haitoki nje ya ukuta mpaka eda iishe, na hivyo tangu msiba simu ya mezani alikuwa akiipokea yeye. Mwishowe walikubaliana: kompyuta sawa, kwa sababu haina sauti, simu hapana.

Basi nikaandika. Kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa Kiingereza. Niliandika kwamba soksi ni nyeupe na viatu ni vyeusi, na kwamba viatu vyenye taa kwenye soli haviruhusiwi. Niliandika kwamba mtoto mwenye homa asiletwe shuleni kwa matumaini. Mwalimu mkuu alilifuta hilo neno matumaini, lakini mimi nilikuwa nimeshawapokea wengi wa namna hiyo, wameletwa asubuhi wamemezeshwa dawa, saa nne wanatapika juu ya daftari za wenzao. Waraka ulitaka pia dira ya shule. Nikaandika kwamba tunalea kizazi chenye elimu na adabu. Niliandika kama mtu anavyojaza anuani, na mwalimu mkuu akasema imekaa vizuri sana.

Nilipofika kwenye usafiri niliandika kwamba shule ina mabasi mawili na dereva wa kila basi ana leseni na uzoefu. Nilijua fika kwamba dereva wa basi la pili ameajiriwa juzi, kwa sababu aliyemtangulia amekufa, na nilijua basi lenyewe lilikuwa la nani kabla shule haijalinunua. Niliandika, nikaisoma sentensi, nikaweka nukta. Wifi aliniuliza mbona nimesita, nikamwambia natafuta herufi.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa mtu wa kupokea malalamiko. Mwalimu mkuu alisema hapo alitaka aandike jina langu. Wazazi wamenizoea, na cheo kingepanda kidogo. "Lakini wifi yako kanieleza unahamia Qurayyat," alisema kwa sauti ya chini, wifi akiwa jikoni. "Nataka unambie wewe mwenyewe, mdogo wangu. Yeye nimeshamsikia." Nilimjibu tutaona. Akanywa kahawa yake. Penye jina nikaandika kwamba atatajwa baadaye. Chini yake palitakiwa namba ambayo wazazi watapiga, nikaijaza, nikautuma ukurasa wote, fundi wa Hamriya akauweka, akafunga duka akaenda kwao Kerala kwa likizo.

Shule zilipofunguliwa, simu ililia alfajiri.

Lazima nieleze habari ya simu ile. Katika maisha yetu yote ya ndoa, simu yetu ilikuwa ikilia alfajiri. Basi limefika wapi, leo mtoto haji, leo mtoto anashuka kwa bibi yake, amesahau mkoba ndani ya basi, amesahau kiatu. Wazazi hawakuwa wakipiga shuleni, shuleni hakuna mtu saa hizo. Walipiga kwetu. Mume wangu alikuwa akipokea amesimama, kikombe cha chai mkononi, anajibu kwa upole hadi nikawa natamani kuung'oa waya. Nilimwambia mara nyingi kwamba hii si nyumba, hii ni stendi. Alicheka. Alipokufa simu zile zilikatika siku ile ile, na nadhani ukimya wa alfajiri ndicho kitu pekee nilichokitambua katika msiba wote.

Sasa zimerudi. Wifi alipokea, akasikiliza, akasema, "Hapana basi hapa. Mwenye basi keshakufa. Msimsumbue mjane." Akakata. Ikalia tena, akasema hivyo hivyo. Siku ya pili ikalia tena. Alidhani ni watoto wanatuchezea, hadi mzazi mmoja alipomwambia namba ameitoa kwenye tovuti ya shule. Nikafungua ukurasa nikaangalia. Namba ya malalamiko ilikuwa ya nyumbani kwetu. Waraka ulikuwa umeuliza wazazi watapiga namba gani, na vidole vyangu vikaandika namba ambayo wazazi hupiga.

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Lakini fundi yuko Kerala, na nywila ya tovuti alikwenda nayo. Tukamwandikia, akajibu kwa adabu kwamba kuna arusi ya dada yake, akirudi atarekebisha. Kwa hiyo ukurasa ukabaki ulivyo, wazi kwa mzazi yeyote bila kuomba ruhusa. Nilijitahidi kukaa kwenye intaneti muda mrefu asubuhi, maana enzi hizo ukiingia kwenye intaneti simu haiingii. Lakini mama mkwe naye alikuwa akipiga kutoka Qurayyat asinipate, wifi akanung'unika, nikaacha. Simu zikaendelea, na wifi akaendelea kuwajibu wazazi kwamba mwenye basi keshakufa, kila alfajiri, kwa sauti ile ile ya kufukuza kuku. Nilikuwa nikimsikia kutoka chumbani. Sikuhisi kitu.

Kuna jambo nililiona wakati huo, na niliona tu, sikulifanyia chochote. Tangu mume wangu afe, mimi sikuwahi kusema kwa mdomo wangu kwamba amekufa. Hakuna aliyehitaji niseme. Waliokuja walikuwa wameshajua, ndiyo maana wamekuja. Waliopiga walijibiwa na wifi. Kaka yangu aliambiwa na ndugu mmoja wa mume wangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia pole. Neno lenyewe lilipita juu ya kichwa changu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Ikafika alasiri moja, eda imebaki kidogo sana. Wifi ametandika mswala sebuleni, ameshafunga swala, na simu ikalia. Ililia mpaka ikakata. Ikaanza tena. Mtu anayepiga mara mbili mfululizo alasiri ana jambo. Nikatoka chumbani nikasogea pale mezani. Swala ya alasiri husomwa kimya, kila mtu anajua. Lakini wifi aliponiona nanyoosha mkono alitoa takbiri ya kwenda rukuu kwa sauti iliyofika kwa majirani. Nikapokea.

Alikuwa mwanamume. Alianza na salamu ndefu za Kiarabu, na nilipojibu akanijua kwa lafudhi, akageukia Kiswahili. Alisema anafanya kazi kwenye visima vya mafuta, huko jangwani, na namba hii ameiona kwenye tovuti ya shule. Alisema mke wake ni mgeni hapa, ametokea Pemba, hajui Kiarabu, hatoki, na hana anayemwelezea mambo. Anachojua mke wake ni kwamba tangu shule zifunguliwe binti yao anashushwa kwenye barabara kubwa na anavuka peke yake. Juzi alisimama ukingoni muda mrefu akilia, mpaka mpita njia akamshika mkono.

"Nipe bwana mwenye basi," alisema. "Mimi na yeye tunaelewana. Kama amechoka kuingia kule ndani aniambie tu, sitamlaumu."

Wifi akasema Allahu Akbar, akaenda sijida.

"Amefariki," nikasema.

"Nani?"

"Mume wangu. Mwenye basi. Amefariki."

Nililisikia neno likitoka. Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Yule bwana akasema inna lillahi polepole, maneno yote hadi mwisho. Nikadhani atakata. Badala yake akaanza kunihadithia, na nadhani alikuwa anajihadithia mwenyewe. Alisema uchochoro wa kwao hauna pa kugeuzia gari. Mume wangu alikuwa akiingia kinyumenyume, uchochoro mzima, kila mchana, ili amshushe yule mtoto mlangoni, na mahali pamoja ukuta umejitokeza, basi likikwaruza pale kila mara. Yeye mwenyewe alimwambia asijisumbue, mtoto atatembea. Mume wangu akamjibu kwamba mtoto wa darasa la kwanza havuki barabara.

Kioo cha ubavuni cha basi lile kilikuwa kimekwaruzika tangu mwaka uliotangulia. Nilimuuliza mume wangu, akanambia ukuta ulikuja wenyewe. Nikamuuliza tena siku nyingine, akanambia huo huo ukuta, hauna adabu. Nikaacha kuuliza.

"Nisamehe sana, dada," yule bwana alisema. "Sikujua. Mimi niko mbali huku. Basi habari ya mtoto nimwambie nani?"

Wifi alikuwa kwenye kikao cha mwisho. Kidole chake cha shahada kimesimama, na macho yake, ambayo yalitakiwa yawe mswalani, yalikuwa juu yangu.

"Niambie mimi," nikasema.

Akanambia: nyumba ya ngapi, mlango wa rangi gani, mama anamngoja mlangoni saa ngapi. Sikuandika, nilishika kichwani. Nilimwonea uchungu mtoto yule amesimama ukingoni na mkoba wake, uchungu wa kweli, na ilikuwa mara ya kwanza tangu joto lianze kuhisi kitu chochote. Niliona ajabu kwamba nimeanza na mtoto wa watu kabla sijafika kwangu mwenyewe.

Wifi alitoa salamu kulia na kushoto, akabaki amekaa.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia amefariki."

Nilingoja aje na habari za sauti ya mjane. Akapangusa uso kwa mtandio. "Ndo mara ya kwanza nnakusikia ukilisema," alisema. Kisha akakunja mswala, akaenda jikoni, na jioni ile hakulia kwa sauti.

Nilimpigia mwalimu mkuu pale pale. Sikuomba ruhusa kwa mtu, na wifi alisikia yote. Nikamwambia habari ya mtoto, nikamwambia amwambie dereva mpya asimshushe peke yake, mwalimu mmoja apande basi amvushe mkono kwa mkono mpaka mimi nitakapotoka eda, na nikitoka nitakwenda mwenyewe na dereva nimwonyeshe njia. Na jambo la pili, nikasema, fundi akirudi kutoka arusini abadilishe namba aweke ya shule. Penye jina aweke langu.

"Na Qurayyat?" mwalimu mkuu aliuliza.

Nikamwambia Qurayyat nitakwenda kusalimia sikukuu.

Sitasema wifi alifurahi. Alisema watu watasema, nikamwambia waseme. Alisema mama atahuzunika na chumba kimeshapakwa rangi. Hilo lilinichoma kweli, kwa sababu mama mkwe alikuwa mama mwema. Tulikubaliana shangazi yangu mjane wa Hamriya aje akae nami, na wifi akamfanyia mahojiano makali zaidi ya yale ya walimu wetu. Siku nilipotoka eda wanawake walikuja, nikaoga, nikavikwa nguo mpya, nikafukizwa udi hadi nikakohoa. Wifi alinifunga mtandio kwa mikono yake. Kesho yake alipakia begi lake, lake tu, akarudi kwake.

Niliporudi kazini, mchana nilipanda basi. Lilikuwa lile lile la mume wangu, la manjano, viti vile vile, ila dereva mpya alikuwa ametundika manukato ya gari nisiyoyapenda. Nilikaa kiti cha mbele na yule binti ubavuni kwangu, mkoba wake mapajani. Tulipofika kwenye uchochoro dereva alisimamisha gari, akauangalia, akanambia, kwa heshima, kwamba hapa gari haiingii.

Nikamwambia ageuze aingie kinyumenyume.

Aliingia huku anasali. Katikati ya njia, upande wangu, ukuta ulikuwa umejitokeza kama yule bwana alivyosema. Na pale kwenye uvimbe wa ukuta, usawa wa kioo, palikuwa na mstari mrefu wa rangi ya manjano, safu juu ya safu, ya mwaka mzima. Dereva akakanyaga breki. Nikafungua dirisha, nikatoa mkono, nikaigusa. Ilikuwa ya moto kwa jua, na unga wa chokaa ukabaki vidoleni. Machozi yalinitoka hapo, mbele ya mtoto na mbele ya mtu nisiyemjua, bila sauti, mengi, na sikuyafuta.

Dereva alinisubiri. Kisha akauliza taratibu kama tutoke, maana ukuta upo karibu mno.

"Twende mpaka mlangoni," nikamwambia. "Kunja kioo kwanza."